Gari Linalosubiri Ng'ombe

Muna aliporudi nyumbani Garsen mwezi wa Januari, alikuja na begi moja la nguo na gari zima ndani ya kompyuta. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe. "Mama, gari liko humu." Nikavaa miwani, nikasogea. Nilitarajia kuona magurudumu. Nikaona visanduku vingi vilivyounganishwa kwa mistari, kama mifereji ya shamba la mpunga ukiitazama kutoka juu ya tuta.

"Gari lenyewe liko wapi?"

"Ndilo hilo. Halijaundwa bado. Tunalijaribu hapa kwanza tujue litakula chaji kiasi gani, ndipo tukate chuma."

Muna ni binti yangu wa mwisho. Anafanya kazi Mombasa na watu wanaounda magari ya magurudumu matatu yanayotumia betri, ya kubebea wagonjwa wa vijijini. Yeye hashiki chuma. Kazi yake ni vile vikompyuta vidogo vinavyokaa ndani ya gari: kimoja cha mota, kimoja cha breki, kimoja cha taa, kimoja cha kuchunga betri, na kimoja cha skrini iliyo mbele ya dereva. Alinieleza kwamba vyote hivyo hunywa chaji, hata gari likiwa halitembei, na kazi yake ni kuhesabu kila tone kabla gari halijazaliwa.

Alhamisi ya wiki ya pili wakubwa wake walikuwa wachague kati ya michoro miwili. Wa kwanza ulikuwa na betri mbili. Huo ungekwenda mbali bila wasiwasi, lakini betri ya pili ilichukua nafasi ya nyuma, kwa hiyo mgonjwa angekaa kitako. Wa pili ulikuwa wa Muna. Ulikuwa na betri moja, na mahali pa betri ya pili pana kitanda, mgonjwa alale. Sharti lilikuwa moja: mfano ule wa kompyuta uonyeshe kwamba gari likitoka Idsowe, likafika hospitali ya Ngao na kurudi, litakuwa limebakiwa na chaji isiyopungua kumi na tano kati ya mia.

"Lako linabakiza ngapi?" nikamuuliza.

"Ishirini na mbili."

"Basi umemaliza kazi."

"Nimemaliza," akasema, akatabasamu kama baba yake.

Mimi jambo la kitanda lilinigusa kuliko alivyojua. Marehemu mume wangu, Abduba, alikuwa dereva wa gari la zahanati miaka kumi na tisa. Mgonjwa akiwa mwanamke, na hasa mwenye uchungu, watu wake walitaka mwanamke mwenzao awe naye nyuma. Abduba akawa anapitia nyumbani, anapiga mlango wa gari kwa kiganja mara mbili, nami najifunga buibui na kutoka. Sikusomea uuguzi. Niliishia darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa cha mtu kisigonge chuma, na kumsomea kile ninachokijua katika Qur'ani, na kama ni Mkristo, nilinyamaza nikamshika mkono, naye akaomba kwa namna yake.

Lile gari lilikuwa na godoro nyuma. Siku hizi nawaona wanawake wakipelekwa kwa tuktuk. Mwaka jana nilimwona mmoja amefungwa leso kiunoni kwenye kiti, mumewe amemkumbatia kutoka upande, asianguke barabarani. Niliporudi ndani siku hiyo sikuweza kula.

Kwa hiyo Muna alipokuwa akifanya kazi, nilikaa karibu naye nikichambua mchele, macho yangu mara kwenye ungo, mara kwenye kioo chake. Siku ya Ijumaa alikuwa akilijaribu gari kwa mara ya mwisho. Mistari ya rangi ilikuwa inakwenda kutoka kushoto hadi kulia, kila kikompyuta na rangi yake. Ghafla mistari yote ikashuka chini pamoja, ikalala.

"Hapo limefanyaje?"

"Limesimama. Likisimama tu, ninavilaza vyote. Vikilala havili. Hapo ndipo nilipowashinda wenzangu."

"Limesimama wapi?"

"Popote. Safari hii tuliirekodi Mombasa, kwenye foleni. Magari yanasimama dakika nne, dakika tano. Huku hakuna foleni, kwa hiyo nimepunguza vituo, nikaacha viwili vitatu."

Nikatikisa ungo. Sikutaka kumkatiza, kwa sababu mimi si mtu wa kompyuta. Lakini nilipotazama tena ile mistari iliyolala, nilimwona Abduba kwenye usukani, mguu juu ya breki, taa zimewaka mchana kweupe, kiwiko nje ya dirisha, anasubiri.

"Na kule malka," nikasema, "umeweka vituo vingapi?"

Malka ni njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni kunywa maji, na barabara ya kwenda Ngao inaikata. Wakati wa kiangazi mifugo inatoka mbali, ina kiu ya siku mbili. Kwetu sisi Waorma hakuna gari linalopigia honi ng'ombe anayekwenda kwenye maji. Si gari la mgonjwa, si gari la mkubwa. Ng'ombe akishtuka huacha njia akaingia shamba la mtu, na akiingia shamba la mtu, maneno yake hayaishi wiki hiyo. Kwa hiyo unasimama. Mchungaji anapitisha kundi, anakuinulia fimbo, unasogea hatua chache, kundi jingine linakuja, unasimama tena. Kila dereva wa huku anajua. Na binti yangu, ambaye babu yake alikuwa na ng'ombe wasiohesabika, alikuwa amewasahau.

"Sikuweka ng'ombe," akasema.

"Hata mmoja?"

"Mama, hakuna kisanduku cha ng'ombe."

Nikacheka, naye akacheka, lakini kicheko chake kilikwisha kabla ya changu. Akaniuliza watu husubiri muda gani. Nikamwambia kundi la kawaida ni punje nane au tisa za tasbihi, kila punje na dua yake. Nilizoea kuvuta tasbihi kule nyuma huku nimemshika mgonjwa, na nilijua. Punje nne ni kundi dogo. Zikifika kumi na mbili, ujue wamekutana wachungaji wawili wanaosalimiana.

"Siwezi kuandika tasbihi kwenye ripoti."

"Basi twende ukapime kwa simu yako."

Jumamosi tukamchukua Kitsao. Kitsao ni Mgiriama, ana tuktuk yake, anatupeleka sokoni na hospitali tangu Abduba afariki, na ulimi wake haupumziki. Tulifika malka kwenye saa tano za asubuhi. Vumbi lilikuwa limeanza kuinuka upande wa mashariki. Aliyekuwa mbele ya kundi ni Dhadho, binamu ya marehemu, mzee mwenye miguu mirefu ambaye hajawahi kuonekana akikimbia.

"Dhadho," Kitsao akamwita, "fanya haraka, leo kuna injinia hapa. Ng'ombe wako wanahesabiwa kwa kompyuta."

"Mwambie ahesabu miguu agawe kwa nne," Dhadho akasema bila kugeuka. "Wewe Mgiriama, zima hicho kitu chako kinachokohoa."

"Nikizima nani ataniwashia? Wewe unajua kusukuma fimbo tu."

"Nitakufunga kwa fahali akuvute."

Aliponiona akabadilika, akaja mpaka kwenye mlango. "Shemeji Qabale. Sikujua ni wewe. Hamna mgonjwa?"

"Hamna, alhamdulillahi. Muna anataka kujua gari linasimama mara ngapi hapa."

Dhadho akamtazama Muna kwa muda. "Baba yako alikuwa akisimama pale, kwenye mteremko," akasema. "Mimi nikiona taa zake, najua ni yeye, napitisha ndama kwanza, ili wasije wakabaki nyuma na kuruka barabara baadaye. Taa akizima siwezi kujua kama bado yuko ndani au amekwenda kukaa kivulini."

Muna akaandika. Tulikaa pale mpaka kundi la mwisho likapita. Simu yake ilionyesha kwamba tuktuk ilisimama mara kumi na tano, na hakuna mara moja iliyofika dakika mbili. Nyingine zilikuwa nusu dakika. Katikati yake Kitsao alisogea hatua kumi, hatua sita, akasimama tena. Na kila alipokuwa amesimama, mguu wake haukutoka kwenye breki, maana pale pana mteremko. Tulirudi Jumapili, tukarudi Jumatatu. Jumatatu zilikuwa kumi na tisa.

Jumatatu jioni Muna akaweka ng'ombe kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nimemaliza kuswali Alasiri, bado niko juu ya mswala, nikamwona mgongo wake unavyoinama. Sikuhitaji kuona namba.

"Saba," akasema. "Kutoka ishirini na mbili mpaka saba."

"Kwa kusimama tu?"

"Si kusimama. Ni kuamka." Akanigeuzia kioo. Pale palipokuwa na ng'ombe, mistari ilikuwa inaruka juu na kushuka kama meno ya msumeno. "Kila kikompyuta kikiamka kinameza chaji nyingi kwa mkupuo mmoja, kuliko kile ambacho kingekula kama kingekaa macho ile nusu dakika. Ni kama mtu anayezima jiko kila akimimina kikombe kimoja, halafu analiwasha upya kwa kikombe kingine. Ujanja wangu ndio ulioniponza."

Akaifunga kompyuta. Akasema kwamba wakubwa wake hawajawahi kufika huku. Akasema mfano wa Mombasa ni halali, umerekodiwa kweli, hakuna uongo ndani yake, na Alhamisi angeweza kuupeleka kama ulivyo, kitanda kikapita, kisha mambo ya ng'ombe yakarekebishwa taratibu baadaye. Alisema hayo akiangalia mkeka.

Nilikunja mswala wangu. Nilitaka kitanda kile kama yeye, pengine kumshinda, na ningemwambia peleka, angepeleka. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba neno langu lingetosha.

Nikamsimulia habari ya kijiti. Gari la baba yake lilikuwa na mshale wa mafuta usiofanya kazi, ulilala pale pale mwaka hadi mwaka. Kila asubuhi baada ya Alfajiri, Abduba alichukua kijiti cha mkoma alichokikata mwenyewe, akakizamisha kwenye tangi, akakitoa na kuangalia palipolowa. Kisha alinionyesha. Sijui kwa nini alinionyesha mimi, sikuwa natia mafuta wala kuendesha. Siku moja alichelewa, mgonjwa yuko Wenje, watu wamesimama uani wanamhimiza, na jana yake alikuwa amejaza. Mtu mmoja akamwambia, si umejaza jana? Abduba akasema ndiyo, akakizamisha kijiti. Kikatoka kimelowa ncha tu. Bomba lilikuwa limepasuka, mafuta yote yamenywewa na mchanga. Wangekwamia njiani na mgonjwa.

"Alikasirika?" Muna akauliza. Alikuwa mdogo sana wakati huo.

"Hapana. Alikifuta kijiti kwa kitambaa akakirudisha chini ya kiti. Akaenda kumwomba mtu wa kilimo gari lake."

Muna akafungua kompyuta tena, nami nikaenda kupika.

Jumanne na Jumatano nyumba yangu ilikuwa karakana. Muna alikuja na fikra moja aliyoipata kwa Dhadho bila Dhadho kujua. Alisema tangu mwanzo gari lake lilijua hali mbili tu, kutembea na kulala. Sasa alilitengenezea hali ya tatu, akaiita kusubiri. Gari likiwa linasubiri, taa zinabaki, breki inabaki, mota inasinzia lakini haizimiki. Halilali mpaka zipite dakika tatu bila mguu kutoka kwenye breki. Akalijaribu upya, na ng'ombe wote kumi na tisa, yaani vituo kumi na tisa.

"Kumi na mbili," akasema Jumatano asubuhi. Ilikuwa imebaki tatu.

Alitafuta zile tatu mpaka adhuhuri. Alipunguza mwanga wa taa, akakumbuka maneno ya Dhadho, akaurudisha. Alipunguza kasi ya mlimani, lakini huku hakuna mlima. Kitsao alipokuja kuniletea samaki alimkuta ameshika kichwa.

"Shida nini, dada?"

"Chaji. Natafuta pa kukata."

Kitsao akainama kwenye kioo kama mtu anayetazama ndani ya kisima. "Huu mstari mwekundu uliokaa juu ya wenzake ni wa nani?"

"Skrini ya dereva. Inaonyesha ramani, inamwelekeza njia."

"Njia ya wapi?"

"Ya Ngao."

Kitsao akanitazama, akamtazama yeye. "Mtu anayeendesha kutoka Idsowe kwenda Ngao anaonyeshwa njia? Mimi nikiipotea njia hiyo, nipelekwe hospitali mimi, na huyo mama mjamzito ashike usukani."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa ushungi. Muna hakucheka. Alisema skrini ile ndiyo iliyowapendeza wakubwa wake kuliko kitu chochote, picha yake iko kwenye kila karatasi yao, na atakayeitoa atakuwa ametafuta ugomvi. Kitsao akasema yeye ameleta samaki tu. Akaondoka.

Muna alikaa mbele ya ule mstari mwekundu muda wa kuchemsha chai. Kisha akaufuta. Mahali pake akaweka namba ndogo ya kuonyesha chaji iliyobaki, bila picha wala rangi. Akalitembeza gari kutoka Idsowe. Nilisimama nyuma ya kiti chake, mkono wangu uko begani kwake, nikamsikia anavyovuta pumzi kila mistari ilipofika malka.

Kumi na sita.

Aliandika ripoti yake siku hiyo hiyo, akaipeleka na namba zote, ile ishirini na mbili, ile saba, ile kumi na mbili na hiyo ya mwisho, na maelezo ya kila moja ilitoka wapi. Palikuwa na mahali pa kuandika nani aliyetoa habari za barabara. Akaniuliza aandike nani.

"Andika Dhadho na Kitsao."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa abiria."

Akaandika kitu, hakunionyesha.

Alhamisi ile hawakuchagua. Walimpigia simu wakamuuliza maswali saa nzima, na nilimsikia kutoka jikoni akitaja ng'ombe kwa Kiingereza mara nyingi kuliko nilivyowahi kumsikia akiwataja kwa lugha yoyote. Walikasirika juu ya skrini. Mwisho walisema kompyuta imesema kumi na sita, sawa, lakini wataunda gari moja tu la kitanda, la majaribio, na litapimwa kwenye malka hiyo hiyo wakati wa kiangazi. Likirudi Idsowe na chini ya kumi na tano, wataunda la betri mbili.

Gari lilikuja mwezi wa Septemba juu ya lori, dogo, jeupe, na kitanda chembamba nyuma chenye mikanda miwili. Vijana wawili wa Mombasa walifuatana nalo. Walitaka kuweka mifuko ya mchanga kitandani, iwe uzito wa mgonjwa. Muna akasema hapana, na akanitazama mimi.

"Mama, utalala?"

Katika miaka yote ile sikuwahi kulala ndani ya gari la mgonjwa. Nilikaa siku zote, magoti yamekunjwa. Nikavua viatu, nikasema Bismillahi, nikalala. Muna akanifunga mikanda, akakaa palipokuwa mahali pangu, kichwani pa mgonjwa. Kitsao ndiye aliyeendesha. Gari halikunguruma. Lilikwenda kama maji.

Malka tulisimama. Nikiwa nimelala sikuwaona ng'ombe, niliona mbingu na vumbi, lakini chuma cha kitanda kililetea mgongo wangu kwato za kila kundi lililopita, na harufu yao ikaingia, maziwa na majani makavu na jasho. Kitsao akasogea, akasimama, akasogea. Nikamsikia Dhadho nje akisema taa anaziona. Nilifumba macho. Nilidhani nitamkumbuka Abduba na uso wake, lakini kilichonijia ni mgongo wake tu, shati la buluu lililolowa katikati, kama nilivyokuwa nikiliona kutoka nyuma kwa miaka kumi na tisa. Nikamwombea. Muna alikuwa ameweka kiganja chake kwenye paji la uso wangu, sijui kama alijua.

Tulifika Ngao, tukageuza, tukakutana na ng'ombe hao hao wakirudi kutoka mtoni, matumbo yamejaa, hawana haraka hata kidogo. Safari nzima tulisimama mara kumi na saba. Kitsao alianza kusoma namba kwa sauti tangu tulipoliacha kundi, ishirini, kumi na tisa, mpaka Muna akamwambia anyamaze.

Tuliingia Idsowe. Gari likasimama. Nami nilikuwa nimelala, siioni namba.

"Soma basi," nikasema.

"Kumi na tano," akasema Kitsao.

"Walitaka isipungue kumi na tano," kijana mmoja wa Mombasa akasema, akainama kuhakikisha, akaandika.

Muna akaanza kunifungua mikanda. Nikamwambia aache kwanza. Nikabaki nimelala pale kwa muda, mlango uko wazi, na hakuna aliyeniharakisha.